Dume Lililotaga

Nimechoka kusikia kwamba Mama Maabara alikuwa na roho mbaya. Wanaosema hivyo ni walimu niliofanya nao kazi zamani. Tukikutana Bukoba mjini, msibani au harusini, mmoja lazima aanze: "Unamkumbuka yule mama? Alikuwa na hasira yule!" Wanacheka kama watu wanaomkumbuka mbwa mkali wa jirani, kisha wanaendelea kula. Mimi huweka kijiko chini. Nataka niandike hapa hasira ile ilikuwa ya nini, kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu sehemu yake kubwa niliisababisha mimi.

Alikuwa mhudumu wa maabara katika shule ya sekondari nilikopangiwa kazi nilipotoka chuo kikuu, shule ya bweni juu ya kilima, wilayani Muleba, migomba ikiizunguka pande zote. Wanafunzi walimwita Mama Maabara, nasi walimu tukamwita hivyohivyo. Kwenye karatasi kazi yake ilikuwa kuosha mirija ya majaribio, kupanga chupa, kufagia na kuweka hadubini kabatini. Elimu yake iliishia kidato cha nne. Hilo tulilijua wote, na tulihakikisha na yeye hasahau kwamba tunalijua.

Mlango wa maabara ulikuwa wa mbao zilizovimba kwa mvua. Kila asubuhi aliusukuma kwa bega huku akiutukana kwa Kihaya. Ukichelewa kipindi, ulimkuta amesimama hapo mlangoni, mikono ndani ya koti lililokuwa jeupe zamani na sasa lina rangi ya chai ya maziwa. Alikutazama kuanzia viatuni kwenda juu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Watoto wako wana dakika kumi wanahesabu mbao za dari."

Alisema hivyo mbele ya wanafunzi, bila kupunguza sauti. Hakujali wewe ni nani. Mkuu wa shule aliwahi kuingia maabara na wageni, akainua chupa ya tindikali ili awaonyeshe jinsi shule ilivyo na vifaa. "Weka chini," akaambiwa. "Hiyo haishikwi shingoni." Mkuu akaiweka chini. Wageni wakatabasamu. Nadhani Mkuu hakumsamehe tangu siku hiyo.

Lakini hakukasirikia kila kitu, na hili ndilo watu wanalisahau kwa makusudi. Binti mmoja wa kidato cha pili alivunja kioo cha hadubini, akaenda kwake analia, vipande viko kwenye sketi. Mama Maabara akamwambia, "Umekatika? Hapana? Basi leta ufagio." Yakaisha. Muhula huohuo mvulana mmoja naye alivunja kioo, akakificha chini ya sinki. Huyo alitolewa nje ya maabara kwa wiki mbili, na wiki hizo mbili zote alisomea dirishani, amesimama kwenye majani, kwa sababu mama alikataa katakata kumruhusu kuvuka kizingiti. Mwalimu wa nidhamu alikwenda kumwombea. Akarudi ofisini anajifuta jasho.

Neno alilolichukia kuliko yote ni "inafanana". Mwanafunzi akisema mzizi huu unafanana na ule, alirushiwa maswali kama mawe. Unafanana wapi? Kwenye nini? Kwa kiasi gani? Umeupima? Mama akimaliza, alichukua mizizi yote miwili, akaiweka juu ya gazeti, akamwekea mtoto lenzi ya mkono mbele yake, akaondoka. Mtoto alibaki hapo mpaka aandike tofauti tano. Akipata nne alisubiri hapohapo aitafute ya tano.

"Ninyi mmesomea kuambiwa," alinieleza siku moja, si kwa ugomvi, ila kama mtu anayekutajia hali ya hewa. "Mimi sikuwa na wa kuniambia. Ikabidi niangalie."

Mimi mwenyewe nilikutana naye vibaya. Ilikuwa wiki yangu ya pili shuleni. Nilikuwa nafundisha kidato cha tatu habari za wadudu, na kwenye rafu nilikuta chupa ya fomalini yenye wadudu vijiti wawili, mmoja mnene na mmoja mwembamba. Mdudu kijiti ni yule ambaye ukimwona mtini unadhani ni tawi kavu, mpaka tawi litembee. Chupa ilikuwa na karatasi iliyobandikwa na mwalimu fulani wa zamani, imeandikwa kwa kalamu ya wino: jike, dume. Nikaiinua juu. Nikawaambia wanafunzi kwamba kwa wadudu hawa jike ni mnene kwa sababu anabeba mayai, na dume ni mwembamba. Nilieleza vizuri sana. Shati langu lilikuwa jipya.

Kutoka nyuma, kwenye sinki, ikaja sauti: "Mwalimu, hilo dume lako lina wenzake stoo. Mmoja ametaga juzi."

Darasa zima likalipuka. Niligonga meza, nikawanyamazisha, nikamaliza kipindi bila kumtazama yule mama, kisha nikaenda moja kwa moja ofisini kwa Mkuu kumshtaki kwamba amenidhalilisha. Mkuu akafurahi. Akaniahidi atamwita.

Sikusubiri amwite. Jioni nilirudi maabara nikiwa nimejiandaa kwa maneno makali. Nilimkuta anakata vijiti vya mpera kwa kisu. Akanitazama, akajua nimekuja kwa nini, akafungua mlango wa stoo. "Ingia. Ukimaliza kukasirika utaniambia."

Ndani ya stoo, kati ya madumu na viti vilivyovunjika, kulikuwa na masanduku mawili ya mbao aliyoyazungushia chandarua chakavu. Humo aliwalea. Wale wanene aliwaita Gogo, wale wembamba Sindano. Alikuwa na miaka minne anawalea, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyewahi kuuliza kuna nini ndani ya stoo ile.

Alinionyesha kwa utaratibu, bila haraka, na humo ndani sauti yake ilishuka mpaka ikawa ya kunong'ona. Gogo ana urefu wa kiganja na zaidi. Ana rangi ya gome, ngozi yake ina vinundu, papasi zake, zile nyuzi mbili za kichwani, ni ndefu. Ukimpulizia pumzi anayumba kama tawi kwenye upepo. Anakula majani ya mpera. Mayai yake huyaachia yaanguke chini, na ukikaa kimya unayasikia yakigonga ubao, moja, baadaye tena moja. Yai la Gogo ni la duara kama punje ya mtama, na juu lina kifuniko kidogo kama cha chungu. Mtoto akiwa tayari anakisukuma kifuniko kwa kichwa.

Sindano ni mwembamba kama jina lake, wa kijani au wa rangi ya nyasi kavu, ngozi laini. Papasi zake ni fupi hata ukiwa na haraka huzioni. Akishtuka anainyoosha miguu ya mbele mbele ya kichwa, anakuwa mstari mmoja tu kwenye jani. Mpera hataki hata kuuonja. Anakula nyasi, zile ndefu zinazoota pembeni mwa kibanja, nje ya migomba. Yai lake si la duara, ni refu na jembamba, ukilidondosha kwenye mbegu za nyasi hutalipata tena.

"Sasa huyu," akasema, akionyesha Sindano mmoja aliyekuwa peke yake kwenye chupa ya jemu, "nilimtenga siku aliyotoka kwenye yai. Hajaonana na mwenzake yeyote. Ametaga. Na mama yake alikuwa hivyohivyo, na mayai yake yalianguliwa. Wote wakatoka majike. Nimengoja dume la Sindano miaka minne, sijaliona."

"Na Gogo?"

Akafungua sanduku la pili. Kati ya wale wanene alikuwepo mmoja mwembamba wa kahawia, lakini papasi ndefu, na mabawa yamelala mgongoni. "Huyu ametoka kwenye yai la Gogo, nimemwona akitoka, nimemlea mpaka akajivua ngozi ya mwisho. Huyu ndiye dume la Gogo. Yule wa kwenye chupa yenu alikuwa jike la watu wengine. Mtu aliona mnene na mwembamba, akawaozesha."

Nilikuwa nimesahau kukasirika. Akanipa kaunta buku tatu. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe, mchoro, idadi ya mayai, urefu, hali ya mvua. Mwandiko wake ulikuwa wa shule ya msingi, mkubwa na ulionyooka. Hapakuwa na mahali ameandika "inafanana".

Miaka mitatu iliyofuata, kila nilichokijua juu ya kutazama kiumbe nilikipata kwenye stoo ile. Nilikwenda na shahada yangu, nikafundishwa upya.

Hakuwa mtu mwepesi kumweleza, na sitaki kumfanya malaika. Alikuwa na ubaguzi wake. Wanafunzi waliotoka visiwa vya ziwani aliwaonea wazi, akidai wana harufu ya dagaa kwenye madaftari. Alikuwa mchoyo wa sifa. Sikumsikia hata mara moja akimwambia mtu "vizuri". Mtu aliyefanya vizuri alipewa kazi ngumu zaidi. Alilaumu mvua, serikali, maaskofu wa pande zote na mwalimu wa fizikia. Msimu wa senene ulipofika, yule mwanamke aliyeweza kumfukuza mtoto kwa kumvuta Sindano mguu alikaa nje ya jiko la shule na beseni mapajani, anawanyofoa senene mabawa na miguu kwa kasi ya ajabu, anaimba. Nilimwuliza haoni kwamba hao nao ni wadudu. "Hao ni chakula," akasema. "Wale ni kazi. Wewe unachanganya?"

Jumapili, kwenye kwaya ya Kilutheri, alisimama safu ya nyuma na kuimba sauti ya pili kwa unyenyekevu ambao ungekufanya udhani ana pacha. Nilikwenda mara moja, mimi Mkatoliki, ili nimwone tu. Baada ya ibada akanisalimia kwa mikono miwili, akaniita "waitu" kama ninavyostahili kuitwa mgeni wa heshima. Jumatatu alinifokea kwa kuacha maji yakitiririka.

Nikikosea jambo, alinitania kwa neno moja: "Nshomile." Yaani msomi. Hapa kwetu neno hilo linaweza kuwa sifa au kofi, inategemea nani analisema. Likitoka kinywani mwake lilikuwa kofi, ila la mtu ambaye bado hajakukatia tamaa.

Sasa nije kwenye maonyesho ya sayansi.

Yalifanyika Bukoba mjini, shule nyingi za mkoa zikashiriki. Mkuu alitaka shule yetu itoke na kitu, akaniuliza tuna nini. Nikamwambia tuna wadudu vijiti wa aina mbili ambao kila mtu alidhani ni aina moja, na tuna ushahidi. Macho yakamwaka. Nikasema kazi yote ni ya Mama Maabara. Macho yakazimika.

"Mhudumu?"

"Ndiye aliyewalea, Mkuu. Madaftari yote ni yake."

"Kijana, majaji ni watu wa vyuo. Tukisema kazi imefanywa na mfagiaji, watauliza walimu wetu wanafanya nini. Andika jina lako na langu. Malizia 'kwa kushirikiana na wanafunzi'. Yeye hatapungukiwa na kitu."

Ningeweza kusema hapana. Nimewasikia watu wakieleza kwamba wakati ule mambo yalikuwa magumu, kwamba mwalimu mpya hana sauti. Upuuzi. Mdomo nilikuwa nao. Nilikuwa nataka kwenda kusoma shahada ya pili, na barua ya Mkuu ingenisaidia. Hiyo ndiyo sababu, na ni sababu ndogo na chafu, na nimeishi nayo.

Nilichora bango kwenye karatasi ya manila usiku wa mwisho, kwa haraka, nikinakili michoro yake. Safu mbili: Gogo huku, Sindano kule. Mwili, papasi, yai, dume, chakula. Asubuhi gari likiwa linaunguruma nje, akapita, akasimama, akalisoma bango lote juu hadi chini. Alifika chini kabisa ambako majina yalikuwa. Najua alifika, nilimwona. Hakugusia majina.

"Chakula umekigeuza," akasema. "Mpera umeuweka kwa Sindano. Nyasi umempa Gogo."

"Mama, gari linaondoka. Nitarekebisha hukohuko."

"Rekebisha sasa. Ni maneno mawili."

"Ni bango tu, mama."

Akarudi maabara. Hakupanda gari. Aliambiwa nafasi hakuna, ingawa kiti kimoja kilibeba mabegi yetu mpaka Bukoba.

Kati ya majaji alikuwepo mzee mmoja aliyesema amefanya kazi miaka mingi kwenye kituo cha utafiti cha Maruku, na wadudu wa kahawa. Wenzake walisoma bango na kusonga mbele. Yeye alibaki. Aliinama juu ya vikasha, akatazama mayai kwa lenzi yake mwenyewe aliyoitoa mfukoni. Kisha akanigeukia. "Hii si kazi ya muhula mmoja. Kuna mtu amekaa na wadudu hawa. Nani huyo?"

Wanafunzi wangu wanne walinitazama. Walijua.

"Ni mimi, mzee," nikasema. "Pamoja na vijana hawa."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akanishika mkono kwa heshima. Bado nausikia mkono ule.

Tulipata kikombe. Kikawekwa kwenye kabati la kioo ofisini kwa Mkuu. Wageni wakaanza kuja kuona wadudu, na kwa kuwa wageni wanakuja, ikaonekana si sawa wapokelewe na mwanamke mwenye koti la rangi ya chai anayeweza kumwambia yeyote "weka chini". Ufunguo wa stoo ukachukuliwa kwake. Akahamishiwa jikoni, kupimia wapishi maharage na unga. Wadudu wakakabidhiwa klabu ya sayansi, na ili klabu ijue namna ya kuwatunza, bango langu likatundikwa ukutani stoo, juu ya masanduku.

Mimi sikuwepo. Barua ya Mkuu ilikuwa imefanya kazi yake, nilikuwa chuoni, mbali. Mbele yangu kulikuwa na vitabu juu ya uchunguzi wa viumbe wakati simu ilipolia.

"Mwalimu."

"Shikamoo, mama! Habari za—"

"Wamekufa."

"Nani, mama?"

"Sindano wote. Gogo wamebaki watatu, nao Jumapili hawataiona. Watoto wamewawekea Sindano mpera na Gogo nyasi. Kila siku wanabadilisha majani, wanaweka mapya, mazuri, yenye umande. Wamefuata bango lako."

Akakata.

Mengine niliyapata kwa mwalimu mwenzangu baadaye. Siku ya tatu tangu klabu ianze kuwalisha, alipoona kupitia dirisha majani yaliyowekwa, aliwaambia watoto wamekosea. Watoto wakamwonyesha bango. Akawaambia bango ni la uongo. Wakaenda kuuliza kwa mwalimu wa zamu, na mwalimu wa zamu akasema mama wa jikoni asiwachanganye wanafunzi. Siku ya tano alisimama nje ya dirisha la stoo na kupiga kelele mpaka vipindi vikasimama. Akapewa barua ya onyo. Ilisomwa mbele ya kikao cha walimu: kuvuruga masomo na kutotii uongozi. Walimu wote walinyamaza. Ndio haohao wanaocheka sasa harusini. Siku ya tisa Sindano wa mwisho alikuwa amelala chini ya sanduku, amenyooka, na kwa siku nzima watoto walidhani amejificha.

Miaka minne ya kazi kabla yangu na mitatu mbele yangu, vizazi vyote vile. Walikufa kwa njaa juu ya majani mabichi, kwa sababu mtu mmoja hakutaka kubadilisha maneno mawili. Madaftari nilikuwa nayo mimi, tangu nilipoyachukua kunakili michoro ya bango. Niliyarudisha kwa posta, bila barua ndani. Sikujua niandike nini, nikaona afadhali nisiandike. Huo nao ulikuwa uoga.

Niliporudi Kagera nilipangiwa shule mjini Bukoba, nikapata nyumba mtaa wa Bakoba, nikaoa. Kutoka kwangu mpaka Muleba ni safari ya asubuhi. Sikwenda. Nilisikia amestaafu, yuko kibanjani kwake na kahawa na migomba yake. Nilijiambia nitakwenda likizo. Likizo zikapita, nyingi.

Mwaka jana nilimsindikiza mama mkwe wangu Rubya, hukohuko Muleba, hospitalini, kwenye kliniki ya macho. Watu walikuwa wengi, tumebanana kwenye mabenchi. Nilipomkalisha mama mkwe nikamwona yeye, benchi la mbele yetu. Alikuwa amepungua, kitenge kimefungwa vizuri begani, mikono imetulia mapajani. Macho yake yote mawili yalikuwa na utando mweupe.

Nilizunguka, nikasimama mbele yake. "Shikamoo, mama."

Aliinua kichwa. Hakutafuta uso wangu. "Marahaba. Mwalimu wa bango."

Sauti yangu tu, baada ya miaka yote hiyo. Nikachuchumaa karibu naye na kuongea polepole. "Mama, nimetaka siku nyingi kuja kukuomba msamaha."

"Kwa lipi?"

"Kwa yale mambo."

"Yale mambo yapi? Yana jina?"

"Ile kazi. Ile ya maonyesho."

"Sikusikii. Macho ndiyo mabovu, masikio hayajambo, ila wewe unanong'ona. Simama useme."

Nikasimama. Benchi zima lilikuwa limeshageuka. Nikasema: "Nilichukua kazi ya mama huyu nikasema ni yangu. Mtu aliniuliza nani ameifanya, nikasema mimi. Na nilikosea kuiandika, aliniambia nirekebishe, nikakataa. Wadudu wake wakafa wote."

Mzee mmoja aliyekaa pembeni yake, na fimbo kati ya magoti, akauliza, "Wadudu gani hao, waitu? Nyuki?"

"Mweleze," akasema Mama Maabara.

Basi nikaeleza, nimesimama katikati ya wagonjwa wa macho. Nikaanza na Gogo, mwili wake, gome lake, kuyumba kwake. Nikaenda kwa Sindano. "Papasi umeziruka," akasema. Nikarudi kwenye papasi. Nikaeleza mayai. "Kifuniko." Nikaeleza kifuniko. Nilipofika kwenye chakula akaniinamishia sikio. Nikasema: Gogo mpera. Sindano nyasi.

Mama mmoja aliyebeba mtoto akaingilia. "Ngoja kwanza. Huyo mwembamba anazaa bila mume?"

"Bila mume," Mama Maabara akamjibu.

"Na watoto wanakuwa wazima?"

"Wazima kabisa. Wasichana watupu."

"Heri yake!" akasema mama mkwe wangu kutoka nyuma, na benchi zima likacheka. Mama Maabara naye alicheka, amemgeukia yule mwanamke mwenye mtoto. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka hivyo. Meno yake yalikuwa mazuri.

Kicheko kilinipa moyo wa kijinga. Nikachuchumaa tena. "Mama, bado naweza kuiandika upya. Yote, sawasawa, kwa jina lako. Nitapeleka shuleni, nitapeleka hata vyuoni. Jina lako litakuwa juu peke yake."

Uso wake ukarudi kuwa ule ninaoujua.

"Jina langu lilitakiwa siku ile. Yule mzee alikuuliza, watoto waliniambia. Lilikuwa mdomoni mwako, ukalimeza. Leo unaniletea jina langu mwenyewe kama zawadi ya Krismasi? Usiliandike popote. Waandike wadudu. Na ukiwaandika, uwaandike sawa."

"Lakini mama—"

"Umenisikia."

Muuguzi akafungua mlango, akasoma kwenye faili jina lake, majina yote matatu. Mama Maabara akaanza kuinuka. Akanyoosha mkono ili apate wa kumshika, nami nikaruka kuupokea. Aliusikia mkono wangu ukifika, nadhani hata kwa hewa tu, na akaugeuza wake upande wa pili.

"Mzee," akamwambia yule mwenye fimbo, "nisindikize mpaka mlangoni."

Mzee akainuka, naye macho yake hayaoni vizuri, wakaenda wawili polepole, fimbo ikigonga sakafu mbele yao. Mlango ukafungwa. Nilibaki katikati ya ukumbi, mkono bado uko mbele.

"Kaa chini, mwalimu," akasema yule mama mwenye mtoto. "Unatuzibia."